Funguo Mbili za Kufuli Moja

Wiki mbili zilizopita kijana wa Karurumo alinijia nyumbani na bahasha ya kaki kwapani, akanikuta nikichambua mbegu za maharagwe. Amesomea elektroniki, ana diploma, ana heshima. Kituo kimoja cha redio huku kwetu kilikuwa kimemwita kazini. Hakuitwa kwa barua. Alipigiwa simu na mtu ambaye hakutaja hata jina lake, akaambiwa afike Jumatatu na spana zake mwenyewe, na mshipi wake mwenyewe wa kupandia mlingoti kama anao.

"Na kama huna?" nikamuuliza.

"Wamesema tutaona tukifika, mzee."

Nikaziacha mbegu. Nimefanya kazi ya kutunza mitambo ya redio tangu nikiwa na nywele, kwanza Meru na baadaye Embu, na hiyo "tutaona tukifika" naijua. Nilimwambia mambo mengi siku hiyo, na mengine nikamficha. Ninyi wenye bahasha kama yake, ambao simu hiyo itawafikia wiki hii au ijayo, sitawaficha. Nimechelewa vya kutosha.

Mjue kwanza kwamba katika redio fundi hana sauti. Mtangazaji akipita sokoni Kianjokoma, kina mama humshika mkono na kumfungia ndizi za bure. Mimi nikipita huulizwa kama naweza kutengeneza pasi. Redio ikisikika vizuri ni kazi ya mtangazaji. Ikikwaruza, ni wewe. Kama unataka kushukuriwa, nenda ukauze maandazi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mmeru, Mzee Kirimi, mtu mfupi mwenye koti moja. Mahojiano yangu kwake yalikuwa hivi: alinifunga macho kwa skafu yake mwenyewe, iliyonuka tumbaku, akanisimamisha mbele ya transmita. Mkiona transmita kwa mara ya kwanza mtadhani ni kabati la nguo linalonguruma. Ndiyo mashine inayoyatia nguvu maneno ya studio na kuyapandisha mlingotini. Ndani yake kuna feni za kuipoza. Kirimi akaniambia, "Feni moja ni mgonjwa. Ni gani?" Nikasikiliza nikasema ya pili. Ilikuwa ya kwanza. Akanichukua hata hivyo. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Hao wengine wote walisema feni ni nzuri."

Ukimpata mwalimu wa namna hiyo, mbebee hata koti. Kirimi alinifundisha kugusa kabati kwa mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja kikishikwa na umeme hujifunga, lakini mgongo hurudi nyuma. Alinifundisha kunusa chumba kabla ya kuingia, na kutafuta panya kabla ya kulaumu waya. Lakini somo lake kubwa lilikuwa la kufuli.

Antena ya redio ya FM huwa juu kwenye mlingoti, na transmita ikiwa imewashwa, hiyo antena na waya unaoilisha si vitu vya kushikwa. Havikuchomi kama jiko. Vinachoma ndani ya nyama, na mkono unaachia chochote ulichokuwa umeshika. Kwa hivyo kabla mtu hajapanda, swichi kubwa inazimwa, inapigwa kufuli, na ufunguo unaingia mfukoni mwa yule anayepanda. Si mfukoni mwa mkubwa wake. Ufunguo unapanda naye na unashuka naye, na hata waziri akija chini pale akitaka kuhutubia taifa, atangoja.

"Sasa kufuli linauzwa na funguo ngapi?" Kirimi aliniuliza siku moja tulipotoka kununua jipya.

"Mbili, mzee."

"Ya pili ni ya choo."

Nilidhani anatania. Akaenda hadi choo cha shimo nyuma ya kituo, akautumbukiza, akarudi akipangusa mikono kwa suruali. Kila kufuli jipya alifanya hivyo. Kama kuna siku choo hicho kitafukuliwa, watu watafikiri hapo palikuwa na jela.

Kirimi alipostaafu nilihamia Embu, kwenye kituo cha mtu binafsi, na mlingoti wao ulikuwa kwenye kilima juu ya Kianjokoma, karibu na msitu. Sikuitisha barua ya kazi. Kosa langu la kwanza ni hilo. Nilionyeshwa chumba, nikaonyeshwa transmita, nikaanza. Mwaka wa pili ndipo nilipogundua kwamba katika vitabu vya kituo mimi ni mtunza bustani. Injinia anahitaji vyeti, bima na maswali mengi. Mtunza bustani anahitaji panga tu. Wakaguzi wa kazi walipokuja, meneja aliniita haraka, akanipa panga na kofia ya majani, nikafyeka nyasi mbele yao huku transmita ikilia ndani kwa joto. Mkaguzi mmoja akanisifu, akasema nina mkono mzuri wa bustani. Tulicheka sana na soja wa geti siku hiyo. Leo sioni kilichotuchekesha.

Mtu akikubali jina la uongo yeye mwenyewe, hawezi kumtetea mwingine anayepewa lake. Hilo nalisema kwa sababu ya Mugendi.

Mugendi alikuwa kijana wa Kanja, mtoto wa mama mkulima wa majani chai, mjane. Alikuja siku meneja alipoamua kwamba nimezeeka kupanda na nahitaji mtu mwepesi. Waliitwa vijana wanane. Hawakuulizwa swali lolote la umeme. Meneja alikuwa amefunga kitambaa chekundu katikati ya mlingoti, akasema atakayekileta chini kwa haraka kuliko wote ndiye ana kazi. Transmita haikuzimwa, matangazo ya biashara yalikuwa hewani. Kitambaa kilikuwa chini ya antena, basi nikajiambia haidhuru. Nilisimama pale nimeshika karatasi ya majina na saa, kama karani wa mbio za shule.

Msichana mmoja aliinua mkono. "Samahani, mtambo umezimwa?"

Meneja akacheka. "Wewe umekuja kazi ama umekuja kuuliza maswali?"

"Mimi sipandi kama haijazimwa," akasema, akaokota bahasha yake akaenda. Meneja akamkata jina. Injinia wa kweli siku hiyo alikuwa yule msichana, na mimi nilijua, na karatasi ilikuwa mkononi mwangu.

Mugendi alileta kitambaa. Alishuka akitabasamu, mikono imechubuka, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka.

Hakupewa barua. Aliambiwa yuko kwa majaribio. Na kwa sababu mtu wa majaribio si mfanyakazi, kila asubuhi getini alitia sahihi kwenye daftari la wageni: jina, nambari ya kitambulisho, saa ya kuingia, sababu ya kuja. Mwanzoni aliandika "kazi". Meneja akamwagiza soja amwambie aandike "kutembea". Basi Mugendi akatembea. Alitembea miaka miwili na zaidi. Alibeba mafuta ya jenereta mgongoni gari liliposhindwa na matope, alilala sakafuni kando ya betri, alipanda mlingoti kwa mshipi ambao kulabu yake moja ilikuwa imevunjika na tukaifunga kwa waya. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe siku ya kwanza na ugeni haukumwisha.

Niliitisha mshipi mpya mara tatu. Nawaambia mara tatu kana kwamba ni jambo la kujivunia. Mara ya tatu meneja alinijibu, "Mzee Nyaga, huyo kijana ako sawa. Si ako na kamba?"

Nilimfundisha yote ya Kirimi. Alipenda sana lile somo la kufuli. Alikuwa na tabia ya kupigapiga mfuko wa shati kabla ya kuanza kupanda, kuhakikisha ufunguo umo, halafu ananiambia, "Nimebeba stima yote, mzee." Kila mara maneno hayo hayo.

Lakini kufuli letu la mwisho halikununuliwa na mimi. Lilinunuliwa na meneja, na ufunguo wa pili haukwenda chooni. Aliniletea kwenye bahasha ndogo. "Weka hii. Ni ya emergency. Siku nyingine mtu anaweza kuangusha hiyo ingine huko msituni tukae off air siku nzima." Maneno yake yalikuwa na akili, hilo ndilo tatizo la maneno ya namna hiyo. Niliutia kwenye droo ya meza. Sikumwambia Mugendi. Nilifikiri nitamwambia, halafu nikafikiri atakosa raha, halafu nikasahau.

Mwezi ulikuwa Julai. Wa Kianjokoma mnajua Julai yetu: ukungu unashuka kutoka mlimani na unakaa, hata ng'ombe wa jirani unamjua kwa sauti tu. Maji yalikuwa yameingia kwenye kiungo cha waya pale karibu na antena na redio ilikuwa inakwaruza toka asubuhi. Mugendi akazima, akapiga kufuli, akapigapiga mfuko. "Nimebeba stima yote, mzee." Akapotea ndani ya ukungu nikiwa bado nasikia viatu vyake kwenye vyuma.

Sasa mnajua redio zetu za nyumbani zinaishi kwa nini. Si muziki. Ni matangazo ya vifo. Ikikaribia saa saba mchana, kila jiko kutoka Runyenjes hadi Meru limewasha redio, watu wanangoja kusikia nani amekwenda, atazikwa lini, na kamati inakutana kwa nani. Yakikosekana hewani, familia hazikusamehi.

Saa saba ilipokaribia, meneja alinipigia simu kutoka studio.

"Mbona bado mko off?"

"Kijana ako juu."

"Ako juu toka saa ngapi? Hii ni kazi ya nusu saa. Niko na familia hapa studio, siku ya mazishi imebadilishwa, watu watafika kesho kama haijasomwa. Washa."

"Ufunguo ako nao yeye."

"Na ile nilikupatia?"

Nilitoka nje nikaita. Upepo ulikuwa unavuma na jenereta inanguruma. Nikaita tena. Sikupata jibu. Nikarudi ndani nimpigie, nikaona simu yake iko mezani, imechomekwa, inachajiwa. Nikapiga hesabu kichwani. Kazi ni nusu saa, na yeye amekaa zaidi ya saa nzima. Kwa hivyo amemaliza. Kwa hivyo anashuka. Kwa hivyo ameipita antena. Ilikuwa hesabu nzuri. Sikuhesabu vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, wala mshipi wa kulabu moja unaomfanya mtu ajifunge kamba na kuifungua kila hatua. Meneja akapiga tena. Sikushika. Nilifungua droo, nikachukua ufunguo, nikafungua kufuli, nikawasha.

Transmita ilinguruma kidogo tu, kisha ikajizima yenyewe, jinsi inavyofanya ikikuta kiungo cha waya kiko wazi. Halafu nikasikia kishindo juu ya bati la kibanda cha jenereta.

Sitawaeleza nilichokiona. Nitawaambia tu kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shati lake, umefungiwa kifungo.

Siku iliyofuata redio ilibaki kimya, na familia yake ilikuwa imeleta tangazo la kifo lisomwe. Hakukuwa na mtu mwingine wa kupanda. Nilipanda mimi, na uzee wangu, nikamalizia kiungo alichokuwa amekikaza nusu. Funguo zote mbili nilikuwa nazo mfukoni. Wa kwake ulikuwa umetolewa mfukoni mwake na polisi, nao wakaniachia pamoja na vitu vyake. Nilishuka, nikawasha, nikakaa chini ya mlingoti nikasikiliza. Mtangazaji akamtaja vizuri, sauti ya huzuni kabisa, akasema ni mtoto wa mama fulani wa Kanja na ni rafiki wa kituo chetu. Rafiki.

Meneja alikuwa ameshaandika taarifa. Daftari la wageni lilikuwa wazi mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wa siku ile: Mugendi, sababu ya kuja, kutembea. Taarifa ilisema mgeni aliingia, akapanda mlingoti bila ruhusa. Ilibaki sahihi yangu. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Kando ya taarifa kulikuwa na karatasi nyingine, yenye nembo na muhuri, iliyosema kwamba mimi Eliud Nyaga nimethibitishwa kuwa injinia mkuu wa kituo.  Meneja alizisukuma zote mbili kwangu pamoja na kalamu, akatazama dirishani.

Nikatia sahihi zote mbili. Barua yangu ya kwanza ya kazi maishani niliipata kwa sababu ya kijana aliyekufa bila barua. Nimeiweka kwenye sanduku na sijawahi kumwonyesha mtu, hata mke wangu.

Kwenye mazishi Kanja nilirudisha vitu vyake: simu, spana, shati. Ule ufunguo niliurudisha mfukoni mwa shati, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ulikuwa wake. Mama yake aliupata wakati ule ule, akauweka kwenye kiganja akaniuliza mbele ya watu, akiniita kwa jina la binti yangu, "Baba Wanja, hii ni ya mlango gani?"

Nikasema, "Sijui, mama."

Miaka mitatu nimeishi na hayo maneno mawili. Nimechambua mbegu, nimekwenda kanisani, nimeshika sahani ya sadaka. Kisha akaja huyu wa Karurumo na bahasha yake, akanitajia kilima ambacho angepanda. Ni kile kile. Nilimwambia asiende, na akienda aulize mambo matatu: barua yangu iko wapi, mshipi uko wapi, na hilo kufuli lina funguo ngapi. Akaandika kwenye simu yake. Aliniuliza, "Hiyo ya tatu ni ya nini, mzee?" Nikamjibu kwamba ni mambo ya kazi tu. Alipoondoka nikajua siwezi tena kuyala hata hayo maharagwe.

Kesho yake nilikwenda Kanja. Nilimkuta Mama Mugendi ametoka kupeleka majani chai, miguu ina matope, akanikaribisha jikoni akanimiminia uji kabla ya kuniuliza nimefuata nini. Tuliongea Kiembu; nawaandikia kwa Kiswahili. Nilimwambia yote, macho yangu yakiwa kwenye kikombe. Kitambaa, daftari, droo, simu, hesabu. Nilimwambia ni mkono huu.

Moto ulikuwa umezimika nusu nilipofika mwisho. Halafu akainuka, akaenda kwenye msumari kando ya mlango, akarudi nao. Alikuwa ameutia kwenye uzi mmoja na ufunguo wa ghala.

"Nilijua ni wa kazi," akasema. "Walisema alikuwa mgeni. Nikajiuliza, mgeni gani anapewa ufunguo? Nimengoja mtu wa huko aje aniambie ni wa wapi. Nilikuwa nangoja wewe."

"Nisamehe, mama."

"Hayo ni ya baadaye. Nimeenda kwa ofisi ya leba mara mbili, wakaniambia hakuna mahali Mugendi ameandikwa kama mfanyakazi. Wakanionyesha karatasi yako."

Akatoa daftari la shule la mjukuu wake na kalamu, akaviweka juu ya magoti yangu. "Andika. Na huo mkono wenye uliandika ile ingine."

Niliandika pale jikoni. Niliandika kwamba Mugendi hakuwa mgeni, alikuwa fundi, alifanya kazi chini yangu kila siku kwa zaidi ya miaka miwili. Niliandika juu ya mshipi. Niliandika kwamba taarifa ya kwanza ilikuwa ya uongo na niliitia sahihi nikijua. Ukurasa mzima ukajaa. Nikamsomea polepole, na yeye akasikiliza huku ameinamisha kichwa, jinsi watu wanavyosikiliza matangazo ya vifo.

Nilipomaliza akainua ufunguo ule kwa uzi wake.

"Na huu mwingine wenye ulikuwa kwa droo," akasema, "umeuandika?"

"Bado, mama."

"Basi hujaandika kitu."

Nikafungua ukurasa wa pili.